Bati la nyuma la Skyline R32: kisa cha spea iliyotengenezwa bila kalibu

Mwaka 2021 Nissan na kitengo chake cha michezo, NISMO, walitangaza kwamba bati la nyuma la Skyline GT-R ya toleo la R32 litauzwa tena likiwa jipya. Gari hilo lilikuwa limeacha kutengenezwa tangu 1994. Bati linalozungumzwa ni lile lililo chini ya mfuniko wa buti, linalobeba taa za nyuma na kuifunga bodi kwa upande huo. Gari likigongwa nyuma, bati hilo hukunjamana mapema. Maji yakipenya kwenye mipira ya taa na kutuama ndani ya buti, kutu huanzia hapo hapo.

Spea moja ya gari moja la Kijapani isingestahili maelezo marefu kama si namna ilivyoundwa. Umbo la bati hili halikutoka kwenye presi, mashine ya kiwandani ya kubana bati. Lilitolewa na roboti mbili zilizosimama pande mbili za bamba la chuma, kila moja ikiwa na ncha ndogo ya duara, zikilisukuma bamba taratibu, mstari chini ya mstari, mpaka mabonde na matuta yake yakakamilika. Jicho la mtazamaji hukimbilia roboti. Kwangu jambo kubwa ni kile kisichokuwepo pale: kalibu, yaani umbo la chuma ambalo presi hubania bamba ili lifuate sura yake. Teknolojia hii ikipimwa kwa kasi, presi inaiacha mbali sana. Thamani yake ni kwamba imeiondoa kalibu kwenye hesabu ya pesa, na kalibu ndiyo iliyokuwa ikiyazika magari ya zamani.

Injini ina njia nyingi, bodi ina moja

Injini iliyochoka huokolewa kwa njia nyingi. Silinda zikilika huchongwa upya zikatiwa pistoni kubwa kidogo. Krenki husagwa ikatafutiwa beringi za saizi inayofuata. Bushi hukerezwa, gasketi hukatwa kutoka kwenye shiti, na mara nyingi injini ya gari jingine la kampuni ile ile huingia bila shida kubwa. Fundi mwenye mashine ya kukereza na subira anafika mbali.

Bodi haimpi nafasi hiyo. Bati lililopinda upande mmoja tu unaweza kulikunja juu ya bomba na likakutii. Shida inaanza pale bati linapopinda pande mbili kwa pamoja, kama bega la madigadi au kona ya buti. Hapo chuma lazima kivutwe sehemu moja na kibanwe sehemu nyingine, tena kwa kipimo, la sivyo kinafanya mikunjo au kinapasuka. Kiwandani kazi hiyo hufanywa na kalibu ya chuma yenye pande mbili, uzito wake ni tani kadhaa, inayofungwa kwenye presi. Bamba linawekwa katikati, presi inashuka, na ndani ya sekunde chache umbo limetoka. Halafu bati hupita kwenye kalibu nyingine za kukata kingo, kutoboa matundu na kukunja mapindo. Kwa hiyo bati moja mara nyingi lina kalibu nne au tano, na kila moja imechongwa kwa ajili ya bati hilo peke yake.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kalibu zote za bati moja zimegharimu dola 500,000. Ukitengeneza mabati 500,000, kila bati limebeba dola 1 ya kalibu, na hakuna mteja atakayelalamika. Wakija wateja 200 miaka thelathini baadaye wakiomba bati lile lile, na kalibu zimeshauzwa chakavu, kila mmoja anapaswa kubeba dola 2,500 kabla chuma chenyewe hakijanunuliwa. Hakuna anayeidhinisha kazi ya namna hiyo. Spea huandikwa kwamba haitengenezwi tena, na kuanzia siku hiyo magari yaliyobaki yanaanza kulana: moja linakatwa ili jingine liishi.

Kuna magari yaliyobahatika. MGB ya Uingereza ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya magari 500,000, na kalibu zake nyingi zilinusurika. Ndiyo maana mwaka 1988 British Motor Heritage iliweza kutoa bodi nzima mpya ya MGB kwa kutumia kalibu za asili. Mwenye MGB iliyooza chini alinunua bodi mpya, akahamishia injini, viti na nyaya zake. Gari hilo liliokolewa na idadi yake kubwa, pamoja na watu waliokuwa makini wakazitunza kalibu zisiyeyushwe. R32 GT-R haikuwa na idadi hiyo. Magari yaliyotoka ni takriban 44,000 tu kwa miaka yote.

Kwa nini R32

Nissan haikuanza na gari lolote tu. R32 GT-R ilizaliwa 1989 ikiwa na injini ya RB26DETT, lita 2.6, silinda sita kwa mstari, turbo mbili, na mfumo wa kugawa nguvu kwenye magurudumu manne kwa kuongozwa na kompyuta. Kati ya 1990 na 1993 ilishinda mashindano yote 29 iliyoingia katika ligi ya magari ya kawaida ya Japani. Huko Australia nako ilishinda, na waandishi wa huko ndio walioibandika jina la Godzilla. Gari la namna hiyo halitupwi, hurithishwa.

Kisha ikaja sheria ya Marekani inayoruhusu gari lililofikisha miaka 25 kuingizwa nchini humo hata kama halikuundwa kwa viwango vyao. R32 za kwanza zilifikisha umri huo 2014. Wanunuzi wakaongezeka, bei zikapanda, na gari ambalo awali lilikuwa la vijana wa mbio likawa mali ya kutunzwa. Mtu aliyelipa pesa nyingi hataki bati lililonyooshwa na kujazwa puti, ile lami ya kufunika mabonde kabla ya rangi. Anataka bati.

Desemba 2017 NISMO ilianzisha mpango wa spea za urithi kwa ajili ya R32, ambao baadaye uliongezwa kwa matoleo yaliyofuata, R33 na R34. Orodha ya mwanzo ilikuwa na vitu unavyotarajia kwenye gari la umri ule: mabomba, mipira, nyaya, vifungio. Hivyo vina wazalishaji wengi na kalibu zake, pale zinapohitajika, si za bei ya kutisha. Bati ndilo lililokuwa mtihani. Tangazo la 2021 lilikuwa na spea mbili za aina mpya kwa pamoja: kikinga nyaya cha plastiki kilichotengenezwa kwa printa ya pande tatu, na bati la nyuma. Plastiki kwa printa ilikuwa imeshazoeleka. Chuma cha bodi kilikuwa jambo jingine kabisa, kwa sababu bati lililoundwa lazima lichomelewe kwenye gari, libebe mzigo, lipakwe rangi na lizeeke sawa na mabati mengine yanayolizunguka.

Mkono wa nyundo na mkono wa kukinga

Simama karibu na fundi bodi anayejua kazi, uangalie mikono yake. Wa kulia una nyundo, na huo ndio unaoonekana. Wa kushoto umezama nyuma ya bati, umeshika kipande cha chuma kizito chenye uso laini, na huo ndio unaoamua matokeo. Nyundo ikipiga mahali ambapo chuma cha nyuma kimegusa, bati linabanwa katikati na kutanuka. Nyundo ikipiga pembeni kidogo ya chuma cha nyuma, bonde linapanda na tuta linashuka kwa pigo moja. Fundi hatazami mkono wa kushoto. Anausikia kwa mlio na kwa mtetemo. Bila mkono ule, kila pigo linatengeneza shimo jipya.

Roboti mbili za Nissan zinafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Bamba linabanwa wima kwenye fremu, kingo zote zimeshikwa. Upande mmoja ncha inasukuma, upande wa pili ncha nyingine inakinga karibu na pale pale, na zote mbili zinatembea kwa pamoja kufuata umbo. Zikimaliza mzunguko mmoja zinaingia ndani kidogo, pengine sehemu ya milimita, na kuanza mzunguko mwingine. Sehemu inayohitaji mbonyeo, roboti ya kwanza inasukuma na ya pili inakinga. Sehemu inayohitaji mbinuko, zinabadilishana kazi.

Wazo la kuunda bati kwa ncha badala ya kalibu ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Edward Leszak alipata hataza yake Marekani mwaka 1967. Wakati ule hapakuwa na kompyuta ya bei nafuu ya kuiongoza ncha kwenye njia ndefu yenye maelfu ya pointi, kwa hiyo wazo likalala. Lilipoamka Japani miaka ya 1990, mashine zilikuwa zimeshaanza kuongozwa kwa namba. Kampuni ya Amino ilitengeneza mashine za kazi hiyo, na miongoni mwa mifano yake iliyojulikana sana ni boneti ya Honda S800, gari dogo la michezo la miaka ya 1960. Kwa hiyo uhusiano wa mbinu hii na magari ya zamani haukuanzia Nissan. Mwaka 2013 Ford nayo ilionyesha mashine ya ncha mbili, ikaeleza kwamba sampuli ya bati iliyokuwa ikichukua miezi miwili hadi sita ingeweza kupatikana ndani ya siku tatu za kazi. Ford ilikuwa ikifikiria sampuli za magari yajayo. Nissan ilifikiria magari yaliyopita.

Tofauti ya ncha moja na ncha mbili ndiyo iliyochelewesha mambo. Kwa ncha moja, bamba linasukumwa upande mmoja tu, na nyuma yake unaweka bamba nene lenye dirisha ili kushikilia kingo. Inafaa kwa umbo la bakuli. Umbo lenye bonde hapa na tuta pale linaisumbua. Ncha mbili zinaweza kufanya yote, lakini mpaka roboti mbili ziende sambamba bila kupishana. Mkono wa roboti ni mrefu na una viungo vingi. Chuma kinapousukuma, unapinda kidogo. Ncha ya nyuma ikichelewa au ikienda mbali kwa upana wa unywele, bati halina wa kulikinga. Ikikaribia kupita kiasi, inalibana na kulikwangua.

Oktoba 2019 Nissan ilieleza jinsi ilivyovuka vikwazo hivyo. Ilitengeneza programu ya kuziongoza roboti zote mbili kwa usahihi mkubwa. Ncha zake zilipakwa almasi na kung'arishwa kama kioo, msuguano ukapungua mpaka mafuta ya kulainisha hayakuhitajika tena. Jambo la tatu ndilo ninaloliona la maana kuliko yote: njia za ncha zilipangwa kwa ujuzi wa watu waliokuwa wakibuni kazi ya presi. Watu hao walikuwa tayari wanajua chuma cha gari kinachanika wapi, kinakunjamana wapi na kinarudi nyuma kiasi gani. Walihamisha ujuzi wa kalibu kwenye kazi isiyo na kalibu. Kampuni inayonunua roboti ikakosa watu hao itakuwa na roboti zinazotoboa mabati.

Hesabu ambayo chuma hakikwepi

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, maana sifa nyingi za teknolojia hii husemwa bila kutaja gharama inayolipwa na chuma.

Kwenye presi, kingo za bamba hushikwa lakini hazifungwi. Chuma huteleza kuingia ndani ya kalibu, kwa hiyo umbo likiongezeka kina kuna chuma kipya kinachokuja kusaidia. Kwenye kazi ya ncha, kingo zimeshikwa. Chuma chote cha ukuta mpya kinatoka kwenye eneo lile lile lililokuwa tambarare. Maana yake ukuta ukisimama zaidi, bati linakuwa jembamba zaidi, na wembamba huo una kanuni rahisi: unene mpya ni unene wa mwanzo mara kosaini ya pembe ya ukuta kutoka usawa wa bamba. Chukua bamba la milimita 0.8. Ukuta ukilala kwa digrii 30, unabaki na milimita 0.69. Kwa digrii 45 unabaki na 0.57. Kwa digrii 60 unabaki na 0.4, yaani nusu. Ukuta uliosimama wima, digrii 90, hesabu inatoa sifuri, na hiyo ndiyo sababu ukuta wa wima hautoki kwa pito moja.

Chuma laini cha bodi huvumilia hadi digrii sitini na kitu, kisha huchanika. Wahandisi hulizunguka tatizo hili kwa kutengeneza umbo la kati lenye mteremko mpole, kisha kulisukuma mara ya pili na ya tatu ili sehemu tambarare nazo zichangie chuma. Au wanaligeuza umbo kwenye fremu ili ukuta mkali ulale. Au wanaliacha pindo lisilowezekana, likakunjwa baadaye kwa njia ya kawaida. Zote ni njia halali. Anayeuza bati la namna hii bila kupima unene wa kona zake, hata hivyo, anamuuzia mteja sehemu ambayo kutu itaitoboa mapema.

Muda nao una hesabu yake. Fikiria umbo la sentimita 60 kwa 30, kina sentimita 5, kuta za digrii 45. Ncha ikishuka nusu milimita kila mzunguko, inahitaji mizunguko 100. Mzunguko wa wastani una urefu wa mita 1.6, kwa hiyo ncha inatembea mita 160. Kwa mwendo wa mita 2 kwa dakika, hiyo ni saa 1 na dakika 20 kwa umbo moja, kabla ya kukata kingo. Presi ingefanya hivyo kabla hujamaliza kupumua. Kama wateja ni 300,000, roboti hazina la kusema. Kama wateja ni 300, na presi inadai kwanza kalibu za mamia ya maelfu ya dola, saa 1 na dakika 20 ni bei nzuri.

Tatizo la mwisho ni ukaidi wa chuma. Ncha ikiondoka, chuma hujirudi kidogo. Fremu ikifunguliwa, hujirudi tena, maana nguvu zilizokuwa zimefungiwa ndani ya bamba zinapata nafasi ya kulegea. Kingo zikikatwa, bati linaweza kujipinda kwa milimita kadhaa. Kwa hiyo bati la kwanza hutoka na kasoro, linapimwa kwa skana, tofauti yake na mchoro inasomwa, na njia ya ncha inarekebishwa kwa kusukuma zaidi pale ambapo chuma kilirudi. Bati la pili linakaribia, la tatu linakaa. Marekebisho hayo yote hufanyika kwenye kompyuta. Kosa la namna hiyo likitokea kwenye kalibu, husahihishwa kwa kuchonga chuma kigumu upya.

Uchaguzi wa bati lenyewe

Kwa maoni yangu, kuanza na bati la nyuma ulikuwa uamuzi wa watu wenye busara. Ncha inayopita mstari juu ya mstari huacha alama hafifu, na bati la nje kama mlango halisamehe alama yoyote: likipakwa rangi nyeusi inayong'aa, wimbi la sehemu ya kumi ya milimita linaonekana ukiwa umesimama mita 5. Bati la nyuma limefunikwa kwa sehemu kubwa na taa, bampa na mipira. Lina mabonde na matuta mengi madogo ambayo fundi wa nyundo hawezi kuyarudia kwa usahihi, lakini hayana kina kikubwa. Na ni bati la kuchomelea, ambalo mwenye gari hawezi kulifungua kwa boliti kutoka gari la chakavu. Lazima litobolewe nukta kwa nukta, na mara nyingi huharibika katika kutolewa. Ugumu wa kulipata ni mkubwa, ugumu wa kuliunda ni wa wastani. Ukitaka kujua teknolojia mpya imekomaa kiasi gani, angalia kazi ya kwanza waliyoichagua wenyewe.

Hatua ya boneti na milango ya nje inahitaji uso safi zaidi, na huko ndiko kampuni nyingine zinakosukuma sasa. Machina Labs ya Los Angeles, iliyoanzishwa 2019, inatumia roboti mbili kwa kanuni hiyo hiyo kwa mabati ya ndege na ya magari. Boneti ya S800 iliyotajwa juu inaonyesha kwamba uso wa nje unawezekana, ila kazi ya msasa na ya mkono huongezeka.

Bati limefika, fundi anaanza

Wapo wanaouliza kama roboti hizi zitamwondoa fundi bodi. Ukiifuata safari ya bati hili hadi gereji, swali hilo halikai. Bati la zamani linatolewa kwa kutoboa kila nukta ya kuchomelea, bila kuumiza bati la chini yake. Kutu iliyojificha kwenye maungio inasafishwa na kupakwa dawa. Bati jipya linashikwa kwa vibano, mfuniko wa buti unafungwa, taa zinawekwa, mapengo yanapimwa kulia na kushoto, yote kabla ya nukta hata moja kuchomelewa. Gari la miaka thelathini lina historia. Pengine liliwahi kugongwa na kuvutwa, na nguzo zake zimehama milimita 3. Bati lililo sahihi kabisa linaposhindwa kukaa, fundi ndiye anayejua kwamba kosa ni la gari.

Kilichobadilika kwake ni kwamba haanzi tena na bati la kuungaunga. Saa alizokuwa akizitumia kuhangaika na bonde lisilokubali, sasa anazitumia kwenye kipimo na kwenye kinga ya kutu, ambako ndiko maisha ya gari yaliko.

Kwetu

Afrika Mashariki ina uhusiano wa kweli na magari ya kampuni hii, na uhusiano huo umeandikwa kwenye vumbi la mbio za magari za Safari. Datsun 1600 SSS (Datsun ni jina la zamani la magari ya Nissan) ilishinda mbio hizo 1970 ikiendeshwa na Edgar Herrmann. Yeye huyo alishinda tena 1971 kwa 240Z, na Shekhar Mehta akashinda 1973 kwa gari la aina hiyo hiyo. Mehta akaja kushinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun za jamii ya Violet. Tangu 2003 mbio za East African Safari Classic zimeyarudisha magari ya enzi ile barabarani, na barabara zenyewe hazijawa na huruma. Madigadi yanapasuliwa na mawe, mabati ya chini yanachanwa, na kila gari linalomaliza linahitaji fundi bodi kabla ya mtu wa injini.

Mabati hayo kwetu hupatikana kwa njia mbili. Unakata kipande kutoka gari jingine, au fundi anakigonga kutoka bamba tupu. Kazi ya mikono ya mafundi wa Gerezani au Kamukunji ninaiheshimu, na kwa bati kubwa lenye mkunjo mpole sioni haja ya kuibadilisha. Inapokwama ni kwenye vipande vidogo vyenye mabonde mengi: kona ya taa, ukingo wa kioo cha mbele, sehemu ya kukaa betri, pembe ya chini ya buti. Hapo fundi hulazimika kuungaunga vipande vitano, kuvichomelea, kusaga kwa grenda na kufunika kwa puti. Kila mstari wa kuchomelea ni mlango wa kutu.

Kazi hiyo ndogo haihitaji roboti mbili zenye ncha za almasi. Inahitaji ncha moja, na ncha moja inaweza kufungwa kwenye mashine ya kawaida ya kuchonga chuma inayoongozwa kwa kompyuta, aina ambayo vyuo vya ufundi na karakana kubwa huweza kuwa nayo. Unatengeneza fremu ya kubana bamba, bamba nene la nyuma lenye dirisha la umbo unalotaka, na ncha ya duara ya milimita 10 au 12 iliyong'arishwa vizuri. Mafuta ya kulainisha yanachukua nafasi ya almasi. Nguvu ya kusukuma bamba la milimita 0.8 ni ya kilonewton chache, mbali kabisa na mamia ya tani za presi, ingawa mtu aanze na alumini au bamba jembamba kabla hajaipa mashine yake chuma. Mwanafunzi anayejifunza kuchonga kwa kompyuta anajua tayari sehemu kubwa ya kazi. Asichokijua ni tabia ya bati, na hiyo fundi bodi anayo. Ningependa kuona wawili hao wakikaa kwenye karakana moja.

Mchoro ndio utakaosumbua. Nissan ilikuwa na michoro ya gari lake. Karakana ya nje haina, kwa hiyo lazima iskani bati lililopo, na bati lililopo limegongwa, limenyooshwa na kujazwa. Ukiskani bati bovu unatengeneza bati bovu kwa usahihi mkubwa. Njia ya kufaa ni kuchagua upande mzima, kushoto au kulia, kuuskani huo peke yake na kuupindua kwenye kompyuta ili upate mwenzake, kisha kulinganisha matundu ya taa na ya boliti na gari la pili la aina hiyo hiyo. Puti iondolewe yote kabla ya kuskani, hata kama mwenye gari anaililia rangi yake. Na kipande cha kwanza kisiende kwenye gari: kikatwe katikati ya kona iliyosimama zaidi, kipimwe unene kwa mikromita. Kikisoma chini ya milimita 0.5, punguza mteremko wa njia au anza na bamba la milimita 1, kabla ya kutengeneza cha pili.